Futi tano na inchi ngapi? I-485 imenitia matatani

Mwana wa Likoni, Columbus

Assalaam alaykum wana-Mombasa. Jambo dogo limeninyima usingizi. Mwezi jana nilituma I-485, ile fomu ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Pale pa urefu pana visanduku viwili, futi na inchi. Mie najijua ni sentimita 170, nilipimwa nikiwa nyumbani. Nikagawanya kwa 30.48, simu ikanipa 5.577, nikaandika futi 5, inchi 5. Jana nimekwenda ofisi ya leseni, saa mbili foleni, kijana wa dirishani akanipima kwa macho akasema futi tano na inchi saba. Nikamwonyesha nakala ya I-485 kumaliza ubishi. Akacheka, akanirudishia makaratasi, ati nikaamue kwanza nina kimo gani ndipo nirudi.

Swali: nitume barua ya kusahihisha, au ningoje intavyuu? Kwenye uzito niliandika 72, hapo natumai sikukosea.

Fundi wa Majengo, Minneapolis

Mwanangu, futi ina inchi 12, si 10. Hiyo 0.577 izidishe kwa 12, utapata 6.9, inchi saba kasoro chembe. Kijana wa dirishani ana jicho la fundi. Na hizo 72 ni kilo au ratili? Kama ni kilo ulitakiwa uandike 159. Hapo ulipo umeapa kwamba una kilo 33, mtu mzima na ndevu zako.

Mie haya niliyajua utotoni. Marehemu mamangu alikuwa mshonaji, utepe wake upande mmoja inchi, wa pili sentimita. Kile kibati cha mwanzo kiling'oka pamoja na inchi ya kwanza, basi kila kipimo cha inchi alikitoa moja kichwani huku ameuma pini. Suruali inchi, sare za skuli sentimita, na tukitumwa kitambaa Biashara Street ni mita. Hakuwahi kuharibu nguo ya mtu.

Baba Pacha, Leicester

Bi Fundi ahsante, lakini usimchanganye kijana na ratili. Fomu imesema paundi. Ratili ni ya Waarabu, na kila mji ulikuwa na yake. Huku kwetu ndiko kwenye vichekesho: petroli lita, barabara maili, maziwa painti, daktari anaandika kilo lakini jirani akijisifu kapungua anahesabu stoni, moja ni paundi 14. Galoni yenu Marekani nayo ni lita 3.8, ya huku 4.5, kwa hivyo wale mnaotutambia maili kwa galoni, kwanza mtuambie galoni ya nani.

Fundi wa Majengo

Paundi ni pesa, Baba Pacha. Nyanyangu alitumwa dukani ratili ya kahawa, hakutumwa paundi. Na debe la mafuta ya taa lilikuwa galoni nne za huko kwenu, ndiyo maana debe hadi leo ni lita 18. Usinifundishe.

Mamake Rukia, Seattle

Nyinyi mnachezea futi. Wenye wazee wa sukari nisikizeni. Mwaka juzi mamangu, yuko Kisauni, akanipigia: "Leo imesoma 14." Mashine yangu ya huku nikiamka husoma 95, nikishiba 130. Kusikia 14 miguu ikaniisha nguvu, nikajua sukari imeshuka mno, anazimia sasa hivi. Nikampigia kelele anywe soda. Naye akanitii, akanywa chupa nzima, mie niko kwenye simu nasikia anavyomeza.

Mdogo wangu aliyesomea uuguzi alipofika akaniuliza kama nimerogwa. Nyumbani wanapima kwa milimoli, huku kwa miligramu. Ya nyumbani unaizidisha kwa 18. Hiyo 14 ilikuwa 252, na mie nikamwongezea soda juu yake! Alhamdulillahi hakudhurika. Lakini hadi leo nikipiga simu, kabla ya salamu ataniuliza: "Wataka ninywe soda?"

Msafiri wa Changamwe, Dallas

Mie dereva wa lori. Daraja likiandikwa futi 13 inchi 6 sigeuzi kwa mita, nasimama nalitazama. Lakini tusidanganyane, vipimo ni siasa. Mkoloni mwenye futi zake ndiye aliyetujengea reli ya upana wa mita moja. Tulipojenga yetu, ikafunguliwa 2017, tukaweka milimita 1,435. Igeuze uone: futi 4 na inchi 8 na nusu, kipimo cha Waingereza wenyewe! Na kontena Kilindini nzima ni futi 20 na futi 40. Nilizivuta mimi hadi Malaba. Mizigo ilipolazimishwa kupanda reli, Changamwe na Mariakani palipoa, gereji, wauza tairi, mama wa chapati, wote. Ndipo nikacheza DV, bahati nasibu ya viza ya Marekani.

Baba Pacha

Tulikubaliana humu hakuna siasa.

Fundi wa Majengo

Siasa gani, mwache mtu aseme lililomleta huku. Hapa leo ukihesabu na upepo ni nyuzi 40 chini ya sufuri, na asiniulize mtu ni za Selsiasi au Farenhaiti, hapo zote mbili ni sawa. Nimekaa dirishani naifikiria feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, jasho linatiririka, na mtu nyuma yako analalamikia joto.

Mwana wa Likoni

Shukrani wazee wangu. Lakini barua nitume au nisitume?

Mamake Rukia

Mwanangu, hayo muulize wakili. Ila wewe si uko Columbus? Shangazi yangu anakuja huko Jumamosi, anataka mbaazi kavu za kupikia na nazi, kilo mbili. Zinauzwa wapi?

Mwana wa Likoni

Maduka ya Wasomali hayazikosi, shangazi. Pakiti ni za ratili mbili-mbili, achukue mbili. Na hilo la uzito je?

Fundi wa Majengo

Achukue tatu. Ratili mbili ni gramu 907.