Ng'ombe mtoni huku Chekereni: faini kwanza au birika la kunyweshea kwanza?

Wadau, naomba tulijadili bila matusi. Mkutano wa kijiji umeletewa pendekezo: kiangazi hiki ng'ombe akikutwa ndani ya mto Rau, akamatwe na mwenyewe alipe faini. Wengi walipiga makofi. Mimi nalima mpunga hapa Moshi tambarare, maji yangu ni ya mto huohuo, na makofi sikupiga.

Uharibifu nauona. Jana jioni nilisimama kivukoni kundi likiteremka. Ukingo ulimeguka mabonge mabonge, na nyasi zilizokuwa zimeshika udongo zikapotelea chini ya kwato. Ng'ombe akinywa, hukojoa na kunya papo hapo. Hatua ishirini juu ya kivuko unahesabu changarawe chini ya maji. Chini yake maji ni rangi ya chai ya maziwa, na hapo ndipo watoto walikuwa wanajaza madumu. Tope hilo linaziba mifereji yetu. Linalotupita linaenda na mto Ruvu wa huku Kilimanjaro hadi Nyumba ya Mungu, bwawa la umeme la megawati 8.

Lakini ng'ombe ana kiu. Wa kienyeji, jua likiwa kali, anaweza kunywa lita 30 kwa siku. Kundi la 100 ni lita 3,000. Mfungie mto bila kumpa maji, ataletwa usiku, na usiku hachagui kivuko. Nasema birika la saruji lijengwe mbali na mto, maji yafike kwa bomba, kibaki kivuko kimoja cha mawe, kwingine matete yaachwe yaote. Faini ije baada ya hapo.

Mchangiaji, mfugaji

Mangi, umenena vizuri, ila umetaja kwato ukaacha majembe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Shika kamba upime: nyanya zimefika majini, na dawa inapulizwa hapohapo. Mwenye nyanya hizo mbona hakamatwi?

Sisi Wamaasai tuna alalili, malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Huku tambarare yamelimwa. Njia ya mifugo imebaki kichochoro. Ng'ombe akigeuza shingo tu amegusa mahindi ya mtu, nalipa. Na majani yanayopandishwa kwa pikapu kulisha ng'ombe wa bandani kule Kibosho na Marangu, mengi si yanakatwa huku huku? Ng'ombe wa mlimani hamumwoni mtoni, lakini anakula tambarare kama wangu.

Mchangiaji, mama wa hapa hapa

Kaka zangu, mnabishana wakati maji ya kunywa nayachota mimi. Birika nalitaka, lakini nani atalitunza? Pampu ikiharibika, kila mtu atasema ni ya serikali, na ng'ombe watarudi mtoni siku hiyohiyo. Wenye mifugo wachange kwa kila kichwa, pesa ikae kwenye kamati yenye wanawake. Na mpaka birika likamilike, ng'ombe wanyweshwe chini ya mahali tunapochota, si juu yake. Hilo halihitaji saruji, linaweza kuanza kesho asubuhi.

Mwanzisha mada

Mama, hilo la kunyweshea chini nilipaswa kuliona mwenyewe. Nitalipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji leo. Ndugu mfugaji, nimepima. Shamba langu la mpunga lipo hatua 40 kutoka mtoni, lakini mistari miwili ya mwisho ya bamia zangu iko ukingoni kabisa. Naing'oa nikishavuna. Ila kwenye faini bado tunatofautiana: birika likishatoa maji, atakayeingiza kundi mtoni alipe, na atakayelima ukingoni alipe vilevile. Hilo unalikubali? Na ninyi wa Kahe na Mabogini, kwenu mnanywesha wapi?