Eduroam inakataa kwenye Ubuntu 24.04, ila simu inaingia vizuri. Naombeni msaada

tasnifu_R

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie, hili limenishinda.

Laptopu yangu ni ThinkPad ya mtumba. Nilikuwa natumia Linux ya Ubuntu 20.04 na eduroam ya chuo (Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, unaingia kwa akaunti ya chuo chako) ilikuwa inashika vizuri tu. Juzi nimefuta nikaweka 24.04, na tangu hapo eduroam haishiki. Nikiichagua inazunguka kidogo, halafu kile kidirisha cha kuomba nywila kinatokea. Naandika, inazunguka tena, kinarudi. Nywila ni sahihi kabisa, maana simu yangu ya Android inaingia kwa jina na nywila hiyohiyo, na portali ya chuo inaikubali.

Hotspoti ya simu laptopu inaishika mara moja. Wi-Fi ya hosteli, ile ya nywila moja kwa wote, nayo inashika. Kwa hiyo sidhani kama kadi imekufa. Nilivyoweka ni hivi: WPA & WPA2 Enterprise, halafu Protected EAP, halafu MSCHAPv2, na jina langu nimelimalizia na @ na kikoa cha chuo.

Nilikwenda kitengo cha TEHAMA wakaniambia Linux hawaihudumii. Kurudi Windows sitaki, kazi yangu yote ya R na LaTeX iko humu. Na majarida ninayohitaji kwa tasnifu yanafunguka ukiwa ndani ya mtandao wa chuo tu, hata ningekuwa na bando la kutosha lisingenisaidia.

Kipanga255

Pole mkuu. Anza na draiva. Andika `lspci -k | grep -A3 -i network` utuwekee inachosema. Na `rfkill list` uone kama kuna kitu kimezuiwa.

tasnifu_R

Draiva inayotumika ni iwlwifi. Rfkill inasema "no" kote.

Kipanga255

Basi draiva iko salama, na kama hotspoti inashika, redio haina tatizo. Hapo wenye ujuzi wa mitandao ya vyuo waje.

dogo_bits

Hiyo rahisi mkuu. Fungua mipangilio ya eduroam, kwenye Security utaona kiboksi cha "No CA certificate is required". Weka tiki, hifadhi, jiunge. Mimi natumia hivyo mwaka wa pili sasa na sijawahi kusumbuliwa.

tasnifu_R

Asante ndugu, lakini tiki iko tayari. Bila hiyo hata kitufe cha Connect hakikubali kubonyezwa.

FundiTerminali

Mkuu tasnifu_R, usiandike tena nywila kwenye hicho kidirisha. Kinakupotosha. NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Ubuntu, uthibitisho ukifeli, kwa sababu yoyote ile, mara nyingi inachukulia kwamba nywila ndiyo mbaya na kukuomba nyingine. Inayojua kilichotokea kweli ni programu iliyo chini yake, wpa_supplicant, na huwa inaandika kila kitu kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio. Fungua terminali, jaribu kuunganisha eduroam, ikishafeli andika:

`journalctl -b -u wpa_supplicant | tail -n 40`

Utuwekee hapa. Ila kwanza futa jina lako la mtumiaji na namba za MAC, zile jozi za herufi na tarakimu zenye nukta pacha katikati.

tasnifu_R

Hii hapa mkuu, nimebakiza mistari iliyonistua:

`CTRL-EVENT-EAP-STARTED EAP authentication started`
`CTRL-EVENT-EAP-METHOD EAP vendor 0 method 25 (PEAP) selected`
`OpenSSL: openssl_handshake - SSL_connect error:0A000102:SSL routines::unsupported protocol`
`CTRL-EVENT-EAP-FAILURE EAP authentication failed`

FundiTerminali

Safi sana. Mstari wa tatu ndio wenye habari yote.

Kwenye mtandao wa aina hii nywila yako haitumwi wazi hewani. Kwanza laptopu na seva ya chuo inayokagua nywila, ile inayoitwa RADIUS, zinajenga njia ya siri kwa TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano. Njia ikishakamilika, ndipo jina na nywila vinapita ndani yake. Wewe hujafika huko. Laptopu na seva hazikuelewana toleo la TLS, wakaachana mlangoni. Nywila yako haijawahi hata kutumwa, ndiyo maana kuiandika upya hakubadilishi chochote.

Sababu ni kwamba seva ya chuo chenu inazungumza TLS ya zamani tu, karibu hakika TLS 1.0, itifaki ya mwaka 1999. TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa hazifai tena kwenye waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8996, wa Machi 2021. Septemba mwaka huohuo ikatoka OpenSSL 3.0, toleo jipya la maktaba ya TLS ambayo wpa_supplicant inaitegemea, na kwa mipangilio yake ya kawaida haikubali matoleo hayo. Ubuntu ikaichukua kuanzia 22.04. Ile 20.04 yako ilikuwa na OpenSSL 1.1.1, na wpa_supplicant yake ilikuwa bado inavumilia seva kongwe. Simu yako nayo bado inavumilia. Kwa hiyo Linux yako ni nzima, imekataa kitu ambacho inapaswa kukikataa.

Na hata ukisafiri tatizo utakwenda nalo. Eduroam inavyofanya kazi, ukiwa Nairobi kwenye chuo kilicho chini ya KENET (mtandao wa vyuo wa Kenya), au Kampala kwenye chuo kilicho chini ya RENU (wa Uganda), mtandao wa pale unasoma kile kilicho baada ya @ kwenye jina lako na kupeleka ombi mpaka kwenye seva ya chuo chako nyumbani. Njia ya siri inajengwa na seva ya nyumbani siku zote. Kama hiyo ni kongwe, ni kongwe popote ulipo.

Kwa Ubuntu 24.04 unaweza kuiruhusu TLS 1.0 kwa eduroam peke yake:

`nmcli connection modify eduroam 802-1x.phase1-auth-flags 32`

Hiyo 32 ndiyo bendera ya kuruhusu TLS 1.0. Ya 1.1 ni 64, na ukizitaka zote mbili unaweka 96. Mtandaoni utakuta maelekezo mengi yanayokuambia uhariri `/etc/ssl/openssl.cnf` na kuteremsha SECLEVEL, kiwango cha ulinzi. Usifuate hayo. Lile faili linatumiwa na programu nyingi za kompyuta yako, utakuwa umelegeza ulinzi kila mahali kwa ajili ya Wi-Fi moja.

Kama kuna anayesoma hapa anayetumia wpa_supplicant moja kwa moja bila NetworkManager, kinacholingana ni kuweka `phase1="tls_disable_tlsv1_0=0 tls_disable_tlsv1_1=0"` na `openssl_ciphers="DEFAULT@SECLEVEL=0"` ndani ya bloku ya mtandao huo tu.

Lakini tasnifu_R, usiiandike hiyo amri kabla hujashughulikia ile tiki ya cheti.

dogo_bits

Tiki ina ubaya gani mkuu? Mbona wengi tunatumia hivyo na mtandao unashika?

Zuhura_Mitandao

Nijibu hapo, maana ndiyo kazi yangu. Nasimamia mtandao wa chuo kimoja, si hicho cha muuliza swali.

Mdogo wangu dogo_bits, mtandao kushika hakukuambii umeshika mtandao wa nani. Jina "eduroam" mtu yeyote anaweza kulitangaza. Akikaa mgahawani karibu na geti na kifaa kidogo kinachotangaza jina hilo, laptopu yako ikiwa begini imewashwa itajiunga yenyewe, kwa sababu inalikumbuka. Cheti cha seva ndicho kitu pekee kinachoiwezesha laptopu kujua kama upande wa pili ni chuo au ni mwizi. Ukiweka ile tiki umeiambia isiulize. Njia ya siri itajengwa vizuri kabisa, lakini na mwizi.

Ikishajengwa, laptopu inajibu maswali ya MSCHAPv2, njia ya kuthibitisha kwamba unaijua nywila. Nywila yenyewe haipiti kama ilivyo, lakini haisaidii sana. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa DEF CON, Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba kuvunja MSCHAPv2 ni sawa na kuvunja ufunguo mmoja wa DES (usimbaji wa zamani) wa biti 56, hata nywila iwe ndefu namna gani. Akishapata alichokitaka pale mgahawani, anakwenda kukivunja kwa muda wake.

Sasa fikiria nywila hiyo inafungua nini. Kwenye vyuo vingi nywila ya eduroam ndiyo ya barua pepe, ndiyo ya portali yenye matokeo na ada. Nimewahi kukaa na mwanafunzi aliyekuta masomo yake yamefutiwa usajili na mtu asiyemjua, siku chache kabla ya dirisha kufungwa. Alikuwa analia ofisini kwangu. Ndiyo maana jambo hili nalisema kila nipatapo nafasi.

tasnifu_R, fanya hivi. Fungua cat.eduroam.org kwa kutumia hotspoti, tafuta chuo chako, pakua kisakinishi cha Linux. Ni skripti ya Python. Usiiendeshe kwa sudo, iendeshe kama wewe. Itakuuliza jina na nywila, itaweka cheti cha CA cha chuo (CA ni mamlaka inayotoa na kuthibitisha vyeti) na jina la seva inayotakiwa, kisha itaunda muunganisho mpya wa eduroam. Huo wa zamani itaufuta, kwa hiyo amri ya FundiTerminali ije baada ya skripti, si kabla, la sivyo bendera itapotea pamoja nao.

Ukimaliza hakikisha kwa amri hii:

`nmcli -f 802-1x connection show eduroam`

Angalia mstari wa `802-1x.ca-cert` usiwe mtupu, na mmoja kati ya `domain-suffix-match` au `altsubject-matches` uwe na jina la seva ya chuo chako. Cheti bila jina la seva ni nusu ya kazi. Kama chuo kinatumia CA ya kibiashara, mtu mwingine yeyote anaweza kununua cheti kwa CA hiyohiyo.

Chuo kisipokuwepo kwenye CAT, yaani tovuti hiyo, omba TEHAMA vitu viwili tu: faili la cheti cha CA na jina la seva ya RADIUS. Hivyo havihusiani na Linux, kila kifaa kinavihitaji.

tasnifu_R

Shikamoo dada Zuhura, na asante mkuu FundiTerminali.

Chuo kipo kwenye CAT. Nimeendesha skripti, cheti kimekaa kwenye `~/.config/cat_installer`, jina la seva limeingia. Nikajaribu kabla ya ile 32, ikafeli kwa kosa lilelile la "unsupported protocol". Nikaweka 32, nikaandika `nmcli connection up eduroam`, ikashika hapohapo! Nimeshapakua makala nilizokuwa nimekwama kuzipata.

Swali moja: hiyo TLS 1.0 niliyoiruhusu si hatari nayo?

FundiTerminali

Ni udhaifu, ndiyo, lakini sasa umefungwa kwenye eduroam peke yake, na cheti kinakaguliwa. Kurasa unazofungua zina HTTPS yake. Ukilinganisha na kuacha kukagua cheti, hii ni afadhali mara nyingi. Dawa kamili iko kwa chuo.

Zuhura_Mitandao

Marahaba. Hiyo dawa ya chuo usiiache hivihivi. Waandikie TEHAMA barua pepe, usiende kwa mdomo. Usiwaambie "Linux haishiki", hapo watakujibu walivyokujibu. Waambie seva ya RADIUS haikubali TLS 1.2, wawekee ule mstari wa logi, na wakumbushe kwamba Microsoft nao walitangaza mwaka 2023 kuwa Windows itazizima TLS 1.0 na 1.1. Kwa hiyo ni suala la muda tu kabla laptopu za walimu nazo hazijaanza kugoma. Kama programu ya seva yao ni FreeRADIUS, mahali pa kurekebisha ni moduli ya eap, `tls_min_version` na `tls_max_version`. Toleo likiwa la zamani mno watalazimika kulipandisha kwanza.

Wakisharekebisha, rudisha bendera kwenye 0:

`nmcli connection modify eduroam 802-1x.phase1-auth-flags 0`

mama_Kheri

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi ni mwalimu, yangu ilikuwa inashika vizuri mpaka likizo. Nimeifungua leo baada ya miezi kadhaa kabatini, eduroam inakataa. Nimefuata ile amri ya logi, inasema:

`TLS: Certificate verification failed, error 9 (certificate is not yet valid)`

FundiTerminali

Shikamoo mama. Andika `date`, inakupa tarehe gani?

mama_Kheri

Marahaba mwanangu. Inasema bado tuko siku niliyoizima mara ya mwisho.

FundiTerminali

Basi ni saa, mama. Betri ndogo ya ubao mama imeisha. Ubuntu ikiwaka inachukua tarehe ya mwisho iliyoihifadhi, na kwa kawaida ingejirekebisha kupitia intaneti, lakini intaneti haiwezi kuipata kwa sababu kwa tarehe hiyo cheti kipya cha chuo kilikuwa hakijaanza kazi. Chuo bila shaka kilibadilisha cheti wakati wa likizo.

Washa hotspoti ya simu dakika chache tu, saa itajirekebisha yenyewe, halafu rudi eduroam. Kama hotspoti hakuna, andika `sudo timedatectl set-ntp false`, kisha `sudo timedatectl set-time` ikifuatiwa na tarehe na saa ya leo ndani ya alama za kunukuu, kisha rudisha `set-ntp true`.

Betri yenyewe kwa kawaida ni CR2032. Ila kwenye ThinkPad nyingi inakuja na kijiwaya na plagi yake, kwa hiyo mwonyeshe fundi ya zamani kabla hujanunua.

mama_Kheri

Nimetumia hotspoti, saa imekaa sawa na eduroam imeshika. Nashukuru sana wanangu. Betri nitaifuata Kariakoo Jumamosi.