Wauza "bahari ya mezani" hapa Dar, mnaua samaki na mnakula pesa za watu

Wakuu, salamu nitazitoa nikipoa. Leo nimekuja kuwasema watu, na watu wenyewe ni hawa wauzaji wa matangi madogo ya maji chumvi hapa mjini. Yale ya lita 15, lita 20, yanayopigwa picha usiku na taa ya bluu, matumbawe yanayumbayumba, halafu chini wanaandika: "Bahari mezani kwako, haina usumbufu." Haina usumbufu kwa nani? Kwako wewe uliyeshapokea hela?

Dada yangu kauziwa moja. Mwanawe kamaliza darasa la saba, mama akataka kumfurahisha, akaingia mtandaoni, akalipa laki saba na nusu. Vijana wakaja na bodaboda, asubuhi wakamimina maji, mchana wakarudi na mifuko: samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari mieupe, anemoni mmoja (mnyama wa baharini mwenye minyiri, anafanana na ua), jiwe lenye vitumbawe vyake, na "zawadi ya duka", samaki kangaja mdogo wa bluu. Vyote ndani ya lita 20, siku hiyohiyo.

Kwa wasioijua kazi hii, hapo mambo yalishaharibika hata taa haijawashwa. Samaki anakula, anajisaidia, chakula kinachobaki kinaoza, na vyote hivyo vinatoa amonia inayomuunguza matamvua. Tangi linalindwa na bakteria wanaoota kwenye mawe na mchanga: kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi jingine linageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia isipozidi. Bakteria hao hawaletwi na bodaboda. Kwa kawaida inachukua wiki nne mpaka sita kuzaliana vya kutosha, na muda wote huo tangi linakaa halina samaki, unapima tu mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri. Wiki sita za kutazama mawe. Nani atakwambia hivyo wakati anataka amalizane na wewe leo?

Anemoni alikuwa wa kwanza kufa. Na mnyama kama yule akifa kwenye maji machache hafi peke yake, anayaozesha yote. Samaki mmoja akamfuata usiku uleule. Dada kupiga simu dukani, akajibiwa: "Hiyo kawaida dada, wanazoea mazingira." Mfu anazoea mazingira gani?

Tena huyo anemoni hakuwa na sababu yoyote ya kuuzwa. Samaki wale wanaishi salama kabisa bila yeye wakiwa ndani ya tangi. Yeye anataka mwanga mkali na tangi lililokomaa kwa miezi mingi. Asipopapenda anajing'oa, anaanza kutembea, mwisho ananaswa kwenye pampu. Lakini kwenye picha anapendeza, basi, biashara imekwenda.

Sasa nifike kwenye kinachonichefua zaidi, maana ndicho wanachokitangaza: eti tangi likiwa dogo ndiyo rahisi. Uongo. Kwa maji chumvi, kadiri tangi linavyokuwa dogo ndivyo linavyokuwa gumu, na hesabu yake haihitaji chuo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo. Maji yakikauka hewani, chumvi haiondoki, inabaki tangini. Toa lita 1 kwenye tangi la lita 400, ile 35 inasogea mpaka 35.1, hakuna kiumbe atakayeshtuka. Toa lita hiyohiyo moja kwenye lita 20, unakaribia 37. Na kwa joto letu hili, feni ya dari inazunguka, tangi halina mfuniko, lita 1 haichukui muda kupotea. Ndiyo maana tangi dogo unaliongezea maji kila siku ya Mungu, ukiweza asubuhi na jioni. Ukisafiri kwenda msibani Tanga, lazima umwachie mtu anayejua anachokifanya. Huko ndiko kutokuwa na usumbufu.

Na unaongeza maji gani? Hapa nilitaka kwenda dukani kwao kwa miguu. Dada aliwauliza, wakamwandikia: "Yakipungua ongeza maji ya bahari tu." Yaani juu ya chumvi iliyobaki unamwagia chumvi nyingine! Nilipofika na refraktomita yangu, kile kipimo cha chumvi ya maji, nikapima, ikasoma 41. Mtoto anasimama pembeni ananiuliza, "Mjomba, 41 ni nyingi?" Nikakosa la kumjibu mbele ya mama yake.

Kinachoongezwa ni maji baridi, yasiyo na chumvi, tena yaliyopita kwenye mashine ya RO, ile inayochuja maji mpaka chumvi na madini yanatoka. Maji ya bomba yana klorini. Ya visima vya mjini ndiyo usiseme, vingi ukionja tu unaisikia chumvi.

Nikawapigia mwenyewe. Kijana kapokea kwa adabu zote, "ndiyo bosi, sawa bosi," halafu ananishauri kama maji ya bahari ni shida kuyapata, dada achanganye ya bomba na chumvi ya jikoni. Chumvi ya jikoni! Jamani, maji ya bahari si maji na chumvi ya kuungia mboga. Yana kalisi, magnesi na vingine vingi, na tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalisi hiyo, takriban miligramu 400 kwa lita, na magnesi kama 1,300. Nenda kwenye mashamba ya chumvi Bagamoyo uone inavyovunwa: maji yanapokaushwa, chokaa na jasi hutangulia kutuama, ndipo chumvi inaganda, na magnesi nyingi inabaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Kinachofika jikoni kwako karibu chote ni kloridi ya sodiamu, kisha kinatiwa madini joto. Ukimwekea tumbawe hiyo, utaona lina chumvi, lakini halina cha kujengea. Ipo chumvi maalumu ya akwariamu inayorudisha vyote hivyo, ni ghali, na ghali hiyo mteja aambiwe kabla hajalipa.

Wapo watakaosema mbona bahari iko hapo, tunachota ufukweni Coco bure. Sawa, maji ya bahari yanafaa, hata mimi nayatumia. Lakini unayafuata kwa boti, mbali na ufukwe, maji yakiwa yamejaa. Siyo unakwenda na dumu ukingoni, masika, Mto Msimbazi umetapika tope na kila kilichotoka mjini.

Halafu hita. Wakuu, kwenye kifurushi kulikuwa na hita. Dar es Salaam. Mwezi wa pili. Yaani kuna mtu kakaa, kafikiri, kaona chumba cha Tabata chenye bati juu kinahitaji kifaa cha kupasha maji moto! Kapimeni wenyewe, maji yalikuwa nyuzi 32 hita ikiwa haijachomekwa. Tumbawe linataka 25, 26, 27 hapo. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wao ndio wanalilisha kwa mwanga, na ndio wanaolipa rangi. Joto likipita lile la msimu wake wa joto kwa nyuzi moja tu na likakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe linawafukuza, linabaki jeupe, na joto lisiposhuka linakufa kwa njaa. Hayo hayakutungwa na wafuga samaki. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipochemka kwa El Niño, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa, wavuvi wa Mafia waulizeni. Sasa kama bahari nzima ilishindwa na joto, lita 20 juu ya kabati la televisheni zitaliweza? Zinahitaji mashine ya kupoza, au angalau feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Feni inashusha nyuzi mbili tatu, ila inazidisha kukauka, kwa hiyo unarudi kulekule kwenye kuongeza maji.

Na umeme ukikatika? Pampu inasimama, maji hayazunguki, hewa inaisha. Tangi kubwa linakupa muda. Hili dogo lenye samaki watatu unaamka asubuhi unawakuta juu juu wanahema. Kipampu cha hewa cha betri ni kitu cha bei ndogo tu. Hakikuwemo. Hita ilikuwemo.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena samaki. Baada ya vifo, duka likamwambia dada yangu aanze upya: "Lile jiwe lichemshe vizuri, lisugue, utalirudisha." Nikiwa naye kwenye simu ananiambia sufuria iko jikoni, maji yanakaribia kuchemka. Nilipiga kelele mpaka watu wa ofisini wakageuka. Juu ya lile jiwe kulikuwa na vile vitumbawe laini vya mviringo vinavyojifunga ukivigusa. Baadhi ya jamii yake, hasa Palythoa, wana sumu inayoitwa palitoksini, na ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana duniani. Ukichemsha jiwe lenye hao, sumu inapanda na mvuke, na nyumba nzima inaivuta: homa, kubanwa kifua, macho kuwaka. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia ililazwa hospitali baada ya kusafisha matumbawe ya akwariamu nyumbani, na hata wazima moto walioitikia wito walipelekwa kuangaliwa. Kule wana magari ya kuwafuata mpaka mlangoni. Dada yangu ana mtoto mwenye pumu na dirisha moja la jikoni. Jiwe kama hilo hulichemshi, hulisugui kwa mikono mitupu, hulipulizii maji ya moto. Unavaa glavu na miwani, unaliacha ndani ya maji. Muuzaji asiyejua hilo hana haki ya kuuza hata konokono.

Na hilo jiwe lilitoka wapi? Nikamuuliza yule kijana. Akasema bila hata kumeza mate: "Tunatoa Mbudya, bosi, original." Mbudya! Visiwa vyetu vya hapa Dar, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Huruhusiwi kung'oa kitu pale. Pwani hii imeshapigwa baruti miaka nenda rudi, matumbawe yamechomwa kuwa chokaa, sasa kilichobaki kinabebwa kwenye ndoo kikafie sebuleni kwa watu. Tumbawe la mawe la kawaida linakua kama sentimita moja kwa mwaka. Jiwe la ukubwa wa nazi ni umri wa mtoto wa shule ya msingi, na limekufa kabla pesa yake haijatoka benki.

Msinielewe vibaya. Tangi dogo linawezekana. Ninalo la lita 60, na nimeona watu wakiendesha la lita 30 likapendeza kuliko mengi makubwa. Lakini halina samaki wengi. Mengine hayana hata mmoja: kamba mmoja wa kusafisha, konokono wachache, matumbawe laini yanayokatwa vipande kwa wafugaji wenzako wala si kung'olewa baharini. Kila wiki unabadilisha maji asilimia 10 mpaka 20, yaliyotiwa chumvi na kupimwa tangu jana yake. Samaki ukimtaka, awe kidole kimoja na abaki kidole kimoja. Kazi yake ndiyo hiyo, na anayeipenda haimchoshi. Wauzaji semeni hivyo. Wateja wachache watabaki, ila watakaobaki watawarudia.

Kwa mkuu mmoja aliyeniandikia pembeni kwamba nawaharibia vijana riziki: riziki gani ya kumpa mtoto kangaja kwenye lita 20? Huyu wa bluu mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni anapita sentimita 20 akikua, siku nzima anazunguka mwambani anakula mwani, na ni mkorofi anayelinda eneo lake, mkiani ana wembe. Lita 400 kwake ni chumba cha kupanga. Wavuvi wanamjua. Muuzaji anamjua pia, kampa bure kwa sababu angemfia dukani.

Yeye ndiye aliyebaki hai mpaka leo. Nimemchukua, nimemtenga kwenye beseni lenye pampu, ana vidoa vyeupe kama chumvi mwilini, ule ugonjwa wa vimelea wanaoupata sana jamii yake. Anatibiwa, ameanza kula mwani wa kukausha. Kwangu hakai, lita 60 hazimtoshi, na kumrudisha baharini siwezi baada ya kukaa maji mamoja na wale wa machungwa, ambao kwa mistari yao mitatu ni wa huko Asia, bahari yetu haina. Sitaki kupeleka ugonjwa wa dukani Mbudya. Kwa hiyo mwenye tangi kubwa, lita 500 kwenda juu, lililokomaa, au anayemjua mwenye nalo, aniandikie. Simuuzi. Usafiri juu yangu.

Na ninyi wa duka najua mnasoma humu. Pesa ya dada yangu irudi yote. Tangi, taa na hita vipo kwenye boksi, njooni mchukue.