Mada: Fomu imerudi tena, na mvinyo wa kunywa na pilau

Mama Neema, Hessen
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Sherehe ya Verein yetu, chama chetu hapa Ujerumani, ni mwisho wa mwezi ujao, na tutauza mvinyo. Nilipeleka Anzeige (fomu ya kutoa taarifa) Ordnungsamt, ile ofisi ya mji ya vibali, mapema, leo imerudi mara ya pili. Pale nilipoandika "Rotwein" (mvinyo mwekundu) wamezungushia duara kwa kalamu nyekundu, basi, hakuna hata neno moja. Nani amewahi kurudishiwa hivi? La pili: mkulima jirani anatuuzia Spätburgunder au Dornfelder, zote mvinyo mwekundu, zote trocken (kavu, si tamu). Tunapika pilau ya ng'ombe, mishkaki na maharage ya nazi. Tuchukue ipi?

Baba Imani, Mainz
Mama, fomu uliyojaza siyo. Pombe ya siku moja unaombea Gestattung, yaani kibali, § 12 ya GastG, sheria ya migahawa na baa. Sisi tuliomba hivyo, tukalipa ada, tukapewa.

Rehema, Wiesbaden
Baba Imani, usimpoteze mwenzako. Hiyo ni ya jimbo lenu, Rheinland-Pfalz. Ukivuka daraja la Rhein tu, sheria ni nyingine: jimbo la Hessen lina sheria yake, HGastG, huombi kibali, unatoa Anzeige tu, wiki 4 kabla. Nimeshalisema hapa mara ngapi? Mama Neema, wapishi wako wana Belehrung, yale mafunzo ya usafi wa chakula ya Gesundheitsamt (ofisi ya afya)? Mimi ndiko nilikokwama.

Mwalimu, Freiburg
La fomu silijui, la mvinyo nalijua. Nimevuna zabibu Kaiserstuhl, vilima vya mizabibu karibu na hapa, misimu 6. Chukua Spätburgunder. Ndiyo ile Wafaransa wanaiita Pinot Noir. Ganda lake jembamba, kwa hiyo haikaushi ulimi kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Bizari nzima, mdalasini na karafuu za pilau zinakaa nayo vizuri sana. Dornfelder ni nzito kwa rangi, ina ladha ya cheri, inafaa mishkaki iliyoungua kidogo pembeni. Ila pilipili iwe kwenye kibakuli chake. Ukila pilipili kali ukashushia mvinyo mwekundu, koo linawaka na utamu wote wa zabibu unapotea. Maharage ya nazi yape Riesling, mvinyo mweupe. Na msiinywe ya moto wa ukumbini! Nyuzi 16 hivi zinatosha. Iweke friji nusu saa kwanza.

Rehema, Wiesbaden
Niongeze: trocken si kwamba haina sukari kabisa. Ni hadi gramu 4 kwa lita, na inaruhusiwa kufika 9 kama asidi inatosha. Wenye kisukari waambiwe.

Wanjiru, Stuttgart
Mwalimu, kila mara unaisahau Württemberg, eneo letu la mvinyo. Nyama choma ni Lemberger, mvinyo wetu mwekundu! Na hiyo zabibu ya Dornfelder ilibuniwa huku kwetu, Weinsberg, 1955.

Salim, Köln
Assalaam alaykum. Ndugu zangu, naomba meza ya vinywaji iwe mbali na ya chakula, na nyama isilowekwe kwenye mvinyo. Mwaka jana wazee wetu wawili waliondoka bila kula kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia nyama imetiwa nini. Iliniuma sana.

Mama Neema, Hessen
Waalaykum salaam, mwanangu. Nyama naitia ndimu, tangawizi na papai bichi, kwa mkono wangu mwenyewe. Wazee waje.

Baba Imani, Mainz
Mkitaja zabibu mimi nakumbuka Dodoma. Kule tunavuna mara mbili kwa mwaka, hawa mara moja. Marehemu baba alikuwa na mizabibu Hombolo, hukohuko Dodoma. Leo nina pasi ya Ujerumani, na kwenye ardhi ile mimi ni mgeni. Wajerumani wameruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu Juni 2024, kwetu bado.

Wanjiru, Stuttgart
Pole, Baba Imani. Sisi Wakenya tulipata kwa katiba ya 2010. Msichoke kudai.

Rehema, Wiesbaden
Uraia pacha una mada yake. Turudi kwenye fomu.

Mama Neema, Hessen
Nimenunua Spätburgunder chupa 24. Jana niliionja na kiporo cha pilau, Mwalimu, ubarikiwe. Lile duara jekundu hakuna aliyenijibu. Jumanne naenda dirishani na fomu yangu. Aliye karibu, mwenye Kijerumani kizuri, anisindikize?