Java 21 kwenye kontena la GB 4: Parallel, G1 au ZGC?

ngalawa: Wakuu, nalinganisha GC (visafishaji vya kumbukumbu vya Java) tatu kwa ajili ya API inayopokea picha. CPU 2, `-Xms2g -Xmx2g` (yaani hipu, kumbukumbu ya kuwekea objekti, ni GB 2 tangu mwanzo hadi kikomo). Kila picha inaingia kama `byte[]` ya KB 600. G1 inasimamisha programu mara kwa mara ilhali hipu haijajaa. Nihamie ZGC, nijaribu Parallel, au nibaki?

fundi_baiti: Usihame kwanza, mkuu. Hipu ya GB 2, G1 huigawa vyumba vya MB 1. Objekti inayofika nusu ya chumba huhesabiwa jitu (humongous): haipitii eneo changa la objekti mpya, inapewa chumba kizima peke yake. Picha yako ya KB 600 inakalia chumba chote na KB 424 zinapotea. Picha 500 zikiwa hai pamoja zimemeza MB 500 badala ya MB 293. Weka `-XX:G1HeapRegionSize=4m`, mpaka wa jitu upande hadi MB 2. Washa `-Xlog:gc*` utafute `G1 Humongous Allocation`. Maneno hayo yakitoweka, ugonjwa ulikuwa huo.

shuke: Naunga mkono. Parallel waachie kazi za usiku, ripoti na kadhalika. Usafishaji wake kamili husimamisha nyuzi (threads) zote za programu, na kadiri objekti hai zinavyokuwa nyingi ndivyo muda unavyorefuka.

ZGC husimamisha programu kwa chini ya milisekunde 1, lakini kwenye Java 21 lazima uandike `-XX:+UseZGC -XX:+ZGenerational`; ukisahau ya pili unapata ile isiyotenganisha objekti changa na kongwe. Pointa zake hazibanwi kuwa baiti 4, kwa hiyo objekti ndogondogo hujaza hipu mapema. Tena inasafisha huku programu ikiendelea, mkigombania CPU hizo 2. Ikizidiwa, utaona `Allocation Stall` kwenye logi: ombi linasubiri nafasi ipatikane.

ngalawa: Shukrani. Na nikipandisha `-Xmx` hadi 4g?

fundi_baiti: Hapana kabisa! Kontena litauawa kwa namba 137, yaani kwa kuzidisha kumbukumbu. Nje ya hipu kuna metaspace (taarifa za klasi), msimbo uliokompailiwa, na nyuzi: 200 zinaweza kufika MB 200. Baya zaidi ni bafa za nje ya hipu (direct buffers), maana usipoziwekea mpaka zinaruhusiwa kukua hadi kiasi cha `-Xmx`. Baki na 2g, ongeza `-XX:MaxDirectMemorySize=256m`.

shuke: Hakikisha pia logi inaanza na `Using G1`. CPU zikipunguzwa hadi 1, JVM (injini inayoendesha Java) hujichagulia Serial, GC ya uzi mmoja, kimyakimya.