Naombeni ushauri: injini ya Subaru WRX yangu inagonga nikikanyaga mafuta gia ya nne

Habari za leo wakuu. Nina Impreza WRX ya 2005, injini EJ205 ya tabo, nimeweka ekzosi ya inchi 3 na pampu kubwa ya mafuta, fundi akaandika mapu mpya (maelekezo ya mafuta, moto na presha) kwenye kompyuta ya gari, presha ya tabo ikatoka bar 0.9 ikafika 1.2. Nguvu imekuja kweli, ila gia ya nne kwenye mwinuko, mshale wa mizunguko ukigusa 4,500 kwa dakika tu nasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, mita ya hewa na mafuta inasoma 12.4 (hewa 12.4 kwa mafuta 1) na nozeli za kiwandani za kupuliza mafuta zimefika asilimia 96 ya uwezo wake, hazina pa kwenda tena. Usiku inapungua, mchana na hili joto la Dar ndo balaa.

Nimeweka plagi za baridi zaidi, mwanya wa mm 0.7, nikapiga moshi kutafuta upepo unapovuja, hakuna. Fundi anasema ni kawaida, mimi nahofia pistoni, hizi EJ zikigonga hivi pistoni zinakatika kingo zinazoshika ringi.

Sasa nianze na nozeli kubwa ndo mapu iandikwe upya ilenge 11 kwenye hiyo mita, mafuta yazidi, au nirudishe presha kwanza na kuchelewesha taimingi ya moto wa plagi? Na petroli yetu haifiki okteni (kipimo cha petroli kuhimili bila kugonga) 100 ya Japani, kwa hiyo bar ngapi ni salama? Gari nimeipaki kwanza.