Eti "gari la majini lazima liingie maji kidogo"! Huyu fundi katuchosha

Wakuu nina hasira hapa mpaka mikono inatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anayetibu kila kitu kwa silikoni, hata ukimpelekea jino bovu atalipaka. Nimempelekea gari langu la matairi manane, lile la kwenda nchi kavu na majini, nikamwambia wazi maji yanapita kwenye ekseli, badilisha oili sili zote, zile pete za mpira zinazozuia maji kwenye ekseli, jaza grisi mpya.

Leo naingia ziwani, sijafika hata katikati miguu imelowa, kuangalia chini cheni za kuzungusha matairi zinaogelea, na mnajua majini linasukumwa na matairi tu, kilomita 4 au 5 kwa saa, sasa utakimbilia wapi? Nikikata kona maji yote yanahamia upande mmoja na gari linalalia huko huko. Nampigia kelele, yeye kasimama ukingoni kakunja mikono, ananijibu "gari la majini lazima liingie maji kidogo". KIDOGO! Maji yamefika kwenye kiti!

Nimevutwa na winchi. Kufungua flenji, kile kifuniko ekseli inapotokea kwenye bodi, oili sili ni zile zile za zamani, mdomo wa mpira umeliwa, grisi imekuwa nyeupe kama maziwa, na kwa nje kajaza silikoni. Ekseli inazunguka jamani, silikoni itashika nini? Halafu eti kidogo!!

#2: Pole mkuu, ila kizibo cha chini, cha tundu la kumwagia maji, ulifunga? Wengi humu mnalia oili sili kumbe kizibo kiko mfukoni.

#1: Kilifungwa, nilikikaza kwa mkono wangu kabla ya kushuka. Usinitibue zaidi.

#3: Kiko mfukoni hicho 😂😂

#4: Huyo huyo aliniziba ufa wa bodi kwa gundi. Gundi kwenye polithilini, plastiki ya bodi! Haishiki hata umwombe nani, ile inachomelewa plastiki kwa plastiki. Nikamrudishia akapaka nyingine juu yake.

#1: Na hakukuambia ni kidogo?

#5: Afadhali nyie mna fundi wa kumlaumu. Mimi panya wamekula nyaya za pampu ya kutoa maji, nimejua nikiwa majini tayari, swichi nabonyeza kimya.

#3: Wangu wamezaa kabisa ndani ya kiti.

#5: Unawatoaje? Mitego yote wanairuka.

#2: Fungueni uzi wa panya basi, na mimi nina la kusema.